Josepha na maneno aliyoyafuta mwenyewe

Saa moja kasoro dakika kumi asubuhi. Mtaa mmoja wa Mchafukoge ndiyo kwanza unafagiliwa. Muuza kahawa anapita akigonganisha vikombe, na mbele ya duka ambalo bado halijafunguliwa mwanamke mmoja amepiga magoti kizingitini, anainamia jarida kuukuu.

Amelilaza jarida hilo juu ya kipande cha plaiwudi. Anakiinua upande mmoja, anakishusha, anakiinua tena kidogo, kama mtu anayepepeta mchele na kuogopa kuumwaga. Hasomi yaliyochapwa wala hatazami picha. Shavu lake linakaribia kugusa karatasi, na macho yake yako pembeni mwa ukurasa, palipo patupu.

"Njoo, inama hapa," anamwambia mwandishi wa makala haya bila kuinua kichwa. "Usitazame kwa juu. Tazama kama unachungulia chini ya mlango."

Mwandishi anainama. Mwanzoni haoni kitu. Kisha jua linalopenya katikati ya majengo ya upande wa pili wa mtaa linapita juu ya karatasi likiwa limelala, na kwenye ule weupe vinatokea vivuli vyembamba vya herufi: *Bonyeza chini mara 2 ndo uruke.*

"Umeona?" anauliza. "Hayo niliyafuta mimi. Kwa mkono wangu huu huu, na raba mpya."

Jina lake ni Josepha Lyimo, ana miaka 39, na kazi yake ni kutoa fotokopi katika duka la vifaa vya shule na ofisi la Mzee Lalit Chohan. Analipwa shilingi 95,000 kwa mwezi. Chumba chake Buguruni kinachukua elfu ishirini, nauli na chakula vinamaliza sehemu kubwa ya kinachobaki.

Hayo ndiyo ya kazini. Lakini kwa miaka miwili sasa Josepha ana shughuli nyingine ambayo hakuna anayemlipa. Anahifadhi majarida ya gemu, yale ya Kiingereza ya miaka ya tisini yaliyokuwa yakifundisha namna ya kucheza michezo ya televisheni na kuimaliza. Anayo 214. Kila ukurasa anaulaza kwenye skana ya duka, anaupeleka kwenye kompyuta, halafu anaurekodi kwenye CD anayoinunua kwa fedha yake.

"Kuna watu wanafuga njiwa," anasema. "Mtu anaamka alfajiri kuwapa mtama, na njiwa mwenyewe hata asante hasemi. Basi mimi njiwa zangu ndiyo hizi."

Ni vizuri mwandishi akiri kwamba hakwenda Mchafukoge kwa ajili ya njiwa wa aina yoyote. Alikwenda kuandika juu ya mgao wa umeme na jinsi unavyowatesa wenye mashine za kopi. Alipofika mapema akamkuta mwanamke amepiga magoti mlangoni, habari ya umeme ikasubiri.

Josepha alikuja Dar es Salaam mwaka 1992 kutoka Kibosho, kumsaidia mama yake mdogo, Vicky, aliyekuwa na duka la jumla la mabeseni Kariakoo. Ilikuwa miaka ya ruksa. Bidhaa ambazo zamani mtu alizipata kwa kibali na kwa kujuana sasa zilimwagika barabarani.

"Kila mtu alikuwa anaagiza kontena," anakumbuka. "Televisheni zilizotumika zinakuja zimejaziwa majarida pembeni ili zisivunjike njiani. Mwenye kontena anachukua televisheni yake, karatasi anatupa. Anayeziokota ni muuza karanga."

Mama mdogo Vicky hakuwa mtu wa kuachwa nyuma na biashara. Mwaka uliofuata aliyapa mabeseni kisogo, akapanga chumba karibu na Mtaa wa Msimbazi, akaweka televisheni nne na mashine nne za gemu. Dakika kumi na tano shilingi mia. Majarida aliyanunua kwa wauza karanga na kuyapanga kwenye benchi, ili wanaosubiri zamu wasiondoke.

Josepha aliwekwa mezani na saa ya kengele. Kazi yake ilikuwa kusema "muda wako umekwisha" na kuvumilia matusi.

"Walikuja watoto wa Msimbazi, watoto wa wenye maduka wa huku Mchafukoge, wapagazi wa sokoni, hata karani mmoja wa benki na tai yake. Pale hapakuwa na Mhindi wala Mchaga wala Mzaramo. Palikuwa na foleni tu."

Je, yeye alikuwa anacheza?

"Mimi? Nani angeangalia saa?" anacheka. "Sijawahi kushika padi ya kuchezea hata siku moja. Miaka minane pale ndani, sijawahi."

Ila alikuwa anasoma. Kwa Kiingereza chake cha kidato cha nne na kamusi iliyochanika jalada, alipitia jarida moja baada ya jingine, na taratibu akawa ndiye mwalimu wa chumba kizima. Vijana wakikwama walimgeukia: dada Josepha, hili jitu linauawaje? Dada Josepha, ufunguo uko wapi? Naye alifunua ukurasa na kuwajibu, bila kuwahi kuliona jitu lenyewe ila kwa mbali, juu ya mabega ya watu.

Wateja nao walikuwa wakiandika humo. Walipogundua njia mpya, au walipoona jarida limekosea, waliandika pembeni kwa Kiswahili. Mama mdogo Vicky aliruhusu kwa sharti moja tu, kwamba iwe penseli. Aliyekamatwa na kalamu ya wino alilipa faini ya mia mbili, kwa sababu mama huyo alikuwa na nia ya kuyauza majarida siku moja yakiwa safi.

Siku hiyo ilifika mwaka 2001. Watu walikuwa na gemu zao majumbani na vijana wengine walihamia kwenye intaneti. Chumba kikafungwa. Muuza karanga alikuja na mizani.

"Nikamwambia mama mdogo, miaka minane hujanipa barua ya ajira. Basi nipe haya majarida yawe kiinua mgongo changu," anasema Josepha. "Alicheka mpaka akakaa chini. Akanipa."

Yalikaa kwenye maboksi manne ya sabuni chini ya kitanda chake, mende wakiyatafuna taratibu, hadi mwaka 2004 Mzee Lalit aliponunua skana. Mwaka huo huo Josepha alifahamu, kwenye duka moja la intaneti la Kariakoo, kwamba Uingereza na Brazili kuna watu wazima, wengine na wajukuu, wanaofanya kazi ya kuyahifadhi majarida kama yake ili yasipotee. Akawaandikia. Wakamjibu. Katika orodha yao yalikosekana matoleo tisa, na yote tisa yalikuwa chini ya kitanda cha Buguruni.

"Nilijiona mtu," anasema. "Mtu ananiita mtaalamu kwenye barua pepe, mimi wa fotokopi."

Wenzake hao walimwomba kitu kimoja, kurasa ziwe safi. Hapo ndipo lilipoingia kosa, na lilipita mlango wa mbele.

Ni desturi ya kazi yake. Katika duka la Mzee Lalit hakuna karatasi inayopanda kwenye mashine na doa. Vyeti, hati za viwanja, barua za mahakama, kila kitu hukaguliwa kwanza, na alama yoyote ya penseli hupitishiwa raba. Kopi ikitoka na mchirizi, mteja huirudisha na hulipwi.

"Mimi ndiye niliyemfundisha," anasema Mzee Lalit, mwenye umri wa miaka 66, akifungua kufuli la duka lake. "Miaka mitano namwambia, Josepha, kopi chafu mteja harudi. Amejifunza vizuri sana. Amejifunza kupita kiasi."

Kwa hiyo Josepha aliyasafisha. Kila jioni baada ya wateja alichukua jarida, akafuta ukurasa kwa ukurasa, akapuliza vumbi la raba, akatia kwenye skana. Alifanya hivyo kwa majarida 61.

Hakuwa anasoma alichokifuta?

"Sikusoma. Ningesoma nisingefuta. Mkono ulikuwa unafanya kazi, macho yanatafuta doa. Ndivyo tulivyo watu wa kopi. Unaweza kunakili hati ya kifo cha mtu unayemjua usigundue."

Mwezi Machi mwaka huu wa 2006 alikuja dukani kijana mmoja mfamasia kutoka Mwanza, Kartik Vadgama, aliyekuwa Dar kwa harusi ya dada yake. Alisikia kwamba dada Josepha wa gemu bado yupo na majarida bado yapo. Wakasalimiana kwa kelele. Josepha akamwashia kompyuta kwa fahari amwonyeshe.

Kartik alifungua kurasa moja baada ya nyingine, kisha akauliza taratibu, "Dada, mbona pembeni hamna kitu? Yale yetu yako wapi?"

Alipoambiwa yamefutwa, aliachia kipanya cha kompyuta na kuvuta kiti. Ndipo akaeleza. Alikuwa akija chumbani pale na rafiki yake wa Msimbazi aliyeitwa Fikirini. Mwaka 1997 walikwama wiki nzima kwenye mchezo mmoja wa ngome, na walipoipata njia, Fikirini aliiandika kwenye jarida, akatia herufi za majina yao wote wawili. Fikirini alifariki mwaka 2002, akiwa na miaka ishirini. Aliugua homa siku nne tu. Mama yake, Bi Tatu, mkaanga samaki wa Feri, alikwisha kumuuliza Kartik kama ana kitu chochote chenye mwandiko wa mwanawe, kwa kuwa yeye hana hata mstari.

"Nilizima ile kompyuta," anasema Josepha. "Hawa wenzangu wa nje, majarida yenyewe wanayo, au watayapata. Yamechapwa maelfu. Kilichokuwa kimoja tu duniani ni yale ya pembeni. Ndiyo niliyoyaita uchafu."

Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu alimkosesha usingizi siku tatu. Jumamosi baada ya kazi alifunga safari hadi Feri kwenda kukiri.

Bi Tatu Mrisho ana miaka 58, makarai mawili na meza ya mbao. Alimsikiliza Josepha hadi mwisho bila kuacha kugeuza samaki. Kisha alichana karatasi kutoka kwenye rundo lililokuwa pembeni, kurasa za daftari la mtoto wa mtu, akafunga vibua viwili na kumkabidhi mteja.

"Unaona?" alimwambia Josepha. "Madaftari yake yote, tangu darasa la kwanza, niliyafungia samaki. Mwaka ule ule aliomaliza shule. Sikujua kama atakufa. Mimi niliyafungia samaki, wewe umefuta. Basi tumesaidiana."

Mwandishi alimtembelea Bi Tatu baadaye, akamuuliza kama hakukasirika siku ile.

"Nimkasirikie nani, mwanangu? Yeye alikuja mwenyewe. Kuna watu wamenikosea mchana kweupe na hawajaja mpaka leo," alisema. Halafu, bila kuulizwa, akaanza kumzungumzia mwanawe. Alikuwa mrefu, mbishi, mpenda mihogo. "Na penseli! Penseli moja haimalizi wiki. Anaandika kama anachimba kisima. Anakandamiza, risasi inavunjika, karatasi inatoboka, mwalimu anampiga. Na mimi nilikuwa namgombeza, kila Jumatatu penseli mpya, kwani mimi nina kiwanda?"

Wiki moja baada ya safari ile ya Feri, Josepha alifika kazini mapema na kumkuta Mzee Lalit naye amewahi kufungua. Aliweka jarida juu ya kaunta, karibu na mlango, akageuka kutundika mkoba wake. Aliporudisha macho, jua lilikuwa limelala juu ya ukurasa na pembeni kulikuwa na neno. *Uongo.*

"Nilidhani macho yangu," anasema. "Nikalisogeza jarida, neno likapotea. Nikalirudisha, likarudi. Raba inaondoa risasi ya penseli, lakini ule mfereji uliochimbwa na mkono wa mtu unabaki. Unahitaji mwanga wa kupita ubavuni tu, uingie mferejini utie kivuli."

Mwanga huo wenyewe ni wa bahati. Mtaa huu haukuwa na jua la asubuhi. Upande wa pili ilikuwapo nyumba kongwe iliyozuia kila kitu, ikabomolewa Januari. Pengo lililobaki ndilo linalopitisha jua hadi kizingitini mwa Mzee Lalit, dakika arobaini kila asubuhi, kabla halijapanda juu mno.

Basi tangu Aprili Josepha ameanza upya, kinyumenyume. Jarida juu ya ubao, ubao mlangoni. Anasoma, ananakili kwenye kaunta buku, kisha anapiga picha kwa kamera ya dukani, ile ya picha za pasipoti, akiwa ameitegemeza juu ya rimu mbili za karatasi. Kamera inatumia betri, kwa hiyo mgao haumhusu. Umeme ukirudi mchana, picha zinakwenda kwenye kompyuta na kukaa pamoja na ukurasa ule msafi alioutoa zamani.

Mwandishi alimuuliza kama tochi haifai. Ameijaribu. Tochi inamulika duara dogo, karatasi inametameta kama bati jipya, herufi hazisomeki. Na kwani jua liko Mchafukoge peke yake?

"Jua likichomoza mimi niko njiani kutoka Buguruni. Jioni nikifunga, limezama. Jumapili niko misa ya kwanza," anajibu. "Wenye nafasi ndio wanaochagua jua."

Masika yalimla asubuhi nyingi, mawingu tu. Hata hivyo hadi wiki ya kwanza ya Agosti alikuwa amemaliza majarida 47. Yaliyobaki yalikuwa 14. Mwandiko wa Fikirini alikuwa ameukuta mara mbili, lakini ni namba tupu, alama za michezo. Maneno hakuna. Na hakuweza kuruka moja kwa moja kwenye kurasa za ngome, kwa sababu kwa maelezo ya Kartik, Fikirini aliandika popote palipokuwa na nafasi, hata kwenye tangazo la baiskeli.

Kinachomkimbiza sasa ni lile pengo lenyewe. Dar es Salaam ya leo haiachi pengo likae. Linajengwa ghorofa nane. Nguzo za chini zimekwisha kusimama, na miti ya kushikilia mbao za zege imelikatakata jua la Josepha. Dakika arobaini zimekuwa ishirini.

"Mwisho wa mwezi tunamwaga zege la ghorofa ya kwanza," alisema msimamizi wa mafundi alipoulizwa. "Tukiziba hapa, ndiyo basi. Mwanzoni sisi tulijua yule mama anasali. Tukawa tunazima redio."

Mzee Lalit naye ana lake. "Wateja wananiuliza, Mzee, yule mfanyakazi wako anatafuta nini pale chini, kaangusha hereni? Nawaambia anakagua jua, tusije tukauziwa bovu." Anamtania, lakini tangu Aprili amekuwa akifika saa moja badala ya saa mbili, kwa sababu funguo za duka hukaa kwake. Kamera hakuwahi kumtoza. Na juu ya mashine ya fotokopi amebandika karatasi aliyoiandika mwenyewe: *Mwulize mteja kabla ya kufuta.*

Ijumaa ya tarehe 18 Agosti mwandishi alirudi kwa mara ya tatu. Josepha alikuwa kwenye jarida la 51. Mafundi walikuwa wamefika kabla yake na mbao zilikuwa zikipandishwa. Jua lilikuja kwa vipande, likitokea kati ya mti na mti.

Alikuwa amefika ukurasa wa pili kutoka mwisho, tangazo la viatu vya michezo, kiatu kimoja kikubwa na nafasi nyeupe tele chini yake. Aliinua ubao. Akaushusha. Akaacha kupumua.

"Huyu hapa," alisema. "Ndugu mwandishi, njoo. Huyu hapa!"

Hayakuwa yamejificha. Yalikuwa yamechimbwa. Mahali pawili penseli ilikuwa imetoboa karatasi kabisa. Mzee Lalit alitoka ndani na kamera kabla hajaitwa, akapiga magoti naye, suruali yake nyeupe kwenye vumbi, akasoma kwa sauti huku Josepha akiandika:

*Mlango wa 3 ni uongo unakufa. Dada Josepha anasema mlango wa 3 lakini hajawahi kucheza. Rudini darajani mpite CHINI. F na K, Msimbazi.*

Mzee Lalit alisoma mstari wa pili mara mbili, halafu akamtazama mfanyakazi wake kwa pembe ya jicho. Josepha alikuwa anacheka na machozi yanamtoka kwa wakati mmoja, akijifuta kwa kiwiko ili asiguse ukurasa.

"Wiki nzima nilikuwa nawatuma kwenye mlango wa tatu," alisema alipopata pumzi. "Jarida lilisema hivyo! Wanakufa, wanarudi, nawaambia ingieni tena. Na shilingi mia zao zinaisha. Walinisema, wakaninyamazia wasiniudhi. Na mimi nikaja nikawafuta."

Jioni hiyo alikwenda Feri, jarida likiwa limefungwa kwenye khanga. Umeme haukuwapo mchana kutwa, kwa hiyo hakuwa na picha ya kuchapa. Alikuwa na jarida lenyewe na kaunta buku.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umelipata?" aliuliza Bi Tatu. Habari za msako alikuwa nazo tangu Aprili, na jibu aliliona usoni mwa Josepha.

Aliepua karai. Alinawa mikono kwa sabuni mara moja, akainusa, akanawa tena. Josepha alipofungua kaunta buku amsomee, Bi Tatu alimzuia. Alijifunza kusoma kwenye madarasa ya watu wazima enzi zile, na hakukusudia kusomewa barua ya mwanawe.

Alisoma polepole, midomo ikitembea. Alipofika kwenye dada Josepha alisimama.

"Ni kweli hujawahi kucheza?"

"Ni kweli, mama."

"Mpaka leo?"

"Mpaka leo."

"Basi mtoto hakusema uongo," alisema Bi Tatu, akaendelea hadi mwisho.

Kisha alilivuta jarida lenyewe. Kwa mwanga ule hafifu wa Feri, na moshi, ukurasa ulikuwa mtupu, kiatu tu. Josepha alianza kueleza habari ya mwanga wa ubavuni, lakini Bi Tatu alikuwa amekwisha kuugeuza ukurasa upande wa nyuma, ambako maandishi ya mwanawe yalikuwa yamevimba, akayapitishia kidole kutoka mwanzo hadi mwisho. Alipofika mahali palipotoboka, kidole kilibaki hapo.

"Alikuwa anakandamiza," alisema. "Na mimi namgombeza."

Hakulia. Alilisema mara ya pili, kwa sauti ndogo zaidi, kama mtu anayeomba radhi. Angeandika kwa mkono mwepesi kama alivyotaka mama yake, na raba ya Josepha isingebakiza kitu.

Josepha alimuuliza kama angependa ayapitishie penseli juu yake, yaonekane. Bi Tatu alilifunika jarida kwa kiganja.

"Usiguse. Wewe mikono yako naijua."

Wakacheka wote wawili. Mteja aliyekuwa akisubiri samaki akaona bora arudi baadaye.

Jarida la 51 sasa liko kwa Bi Tatu, ndani ya sanduku la nguo, na ndilo pekee ambalo Josepha ameliachia. Picha yake imekwisha kuwafikia Kartik kule Mwanza na wale wenzake wa ng'ambo, ambao hawakuelewa Kiswahili wakaomba tafsiri. Wamemwandikia kwamba kuanzia sasa hata wao hawatafuta.

Yamebaki majarida kumi, na wiki mbili kabla ya zege. Josepha anakadiria kwamba akibahatika na anga atawahi sita, pengine saba. Yatakayosalia atayafunga kwa nailoni na kuyaweka mpaka apate mlango mwingine unaotazama mashariki. Hasemi kwamba atayamaliza yote. Anasema hatayafuta.

Kabla ya hapo kuna jambo ambalo Bi Tatu alimwagiza walipokuwa wakiagana. Alimwambia akacheze, kisha aje amweleze kama mwanawe alisema kweli juu ya lile daraja. Mama mdogo Vicky, anayeishi Sinza, bado ana mashine moja ya gemu ndani ya kabati na kaseti kumi na moja, ya ngome ikiwamo. Wamepanga Jumapili hii baada ya misa, mgao ukiwaruhusu. Bi Tatu atakuwapo. Mzee Lalit amejialika mwenyewe.

Mwandishi alimuuliza Josepha atapita njia gani, kwa kuwa sasa anaijua.

"Nitaingia kwanza mlango wa tatu," alisema. "Nife, kama nilivyowafanya wafe wao. Halafu nirudi darajani, nipite chini."